Ruta ya tawi: sehemu zake na namna ya kuiunganisha na mtandao mpana

Mtandao mpana huunganisha ofisi zilizo mbalimbali, kwa mfano tawi la SACCOS lililoko Njombe na makao makuu yake Dar es Salaam, kwa kupitia njia za mtoa huduma ambazo taasisi yenyewe haizimiliki. Ruta, kifaa kinachopitisha data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, hukaa mpakani, baina ya vifaa vyako na njia ya mtoa huduma, na kwa maoni yangu fundi anayeijua vizuri sehemu hiyo ya mpaka humaliza nusu ya kazi kabla ya kuandika amri hata moja. Mfano tutakaoutumia ni Cisco ISR 4321, ruta ndogo iliyoundwa kwa ajili ya matawi. Ruta za kampuni nyingine hutofautiana kwa amri, lakini sehemu zake za msingi ni zilezile.

Kinachobaki umeme ukikatika

Ndani ya ruta mna kichakataji na aina nne za kumbukumbu. ROM hubeba programu ndogo inayokagua vifaa ruta inapowashwa na kutafuta programu endeshi. Programu endeshi yenyewe huhifadhiwa kwenye flashi. NVRAM hutunza mpangilio (maagizo uliyoipa ruta) utakaosomwa kila ruta inapowaka, yaani startup-config. RAM hushika mpangilio unaotumika sasa hivi, yaani running-config, pamoja na jedwali la njia na pakiti zinazosubiri kutumwa. Yote yaliyomo humo hupotea umeme unapokatika. Ndiyo maana fundi aliyefanya kazi siku nzima bila kuandika "copy running-config startup-config" hukuta ruta tupu asubuhi baada ya umeme kukatika usiku.

Amri ya "show version" huonyesha toleo la programu, ukubwa wa kumbukumbu na, mwishoni kabisa, namba ya rejista ya mpangilio, inayoiambia ruta namna ya kuwaka. Katika hali ya kawaida namba hiyo ni 0x2102. Ukikuta 0x2142, ruta imeagizwa kuiruka NVRAM wakati wa kuwaka. Fundi hutumia namba hii anapoondoa nywila iliyosahauliwa, na mara nyingine husahau kuirejesha, hivyo ruta "husahau" mpangilio kila inapozimwa ingawa umehifadhiwa ipasavyo. Angalia hapo kwanza kabla ya kuilaumu NVRAM.

Kabla ya kuiwasha

Ruta ina mahali pa kufungia waya wa ethi, unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Wengi hupaacha wazi kwa kuwa ruta huwaka bila waya huo, jambo ambalo ni hatari katika maeneo yenye radi nyingi kama kandokando ya Ziwa Victoria. Funga waya wa shaba kutoka hapo hadi kwenye ethi ya jengo kabla ya kuchomeka umeme. Umeme wenyewe upitie UPS (betri ya akiba), na kifaa cha mtoa huduma kilichopo ofisini mwako kitumie UPS hiyohiyo, kwa kuwa ruta inayowaka pembeni ya kifaa cha mkongo (kebo ya nyuzi za kioo zinazobeba mwanga) kilichozimika haimsaidii mtu yeyote. Ukihitaji kuongeza moduli (kadi ya poti za ziada) kwenye nafasi zake, ziitwazo NIM, ni salama zaidi kuizima ruta kwanza.

Kompyuta yako huunganishwa kwenye poti ya konsoli, ya kuandikia amri, ambayo umbo lake ni sawa na la poti za Ithaneti, kwa hiyo soma maandishi yaliyo juu yake. Programu kama PuTTY ipangwe kwa kasi ya 9600, biti 8 za data, bila pariti, na biti 1 ya kusimamisha. Ukiona herufi zisizoeleweka, kosa liko kwenye kasi hiyo. Ukiona kioo cheusi kisichobadilika, bonyeza Enter, kisha uhakikishe kwamba umechagua namba sahihi ya poti ya COM.

Kuunganisha mkongo

ISR 4321 ina poti mbili za gigabiti: 0/0/0, inayokubali ama kebo ya shaba ama moduli ya SFP (kipande kidogo cha kuchomekea mkongo), na 0/0/1, ya shaba pekee. Mtoa huduma akileta mkongo, ama ataweka kifaa chake cha kugeuza mwanga kuwa umeme na kukupa kebo ya shaba, ama atakuachia ncha ya mkongo uichomeke mwenyewe kwenye SFP. Njia hii ya pili inahitaji uangalifu zaidi.

Muulize mambo matatu kabla hujanunua SFP: aina ya mkongo, urefu wa wimbi, na kama mwanga unakwenda na kurudi kwenye uzi mmoja au nyuzi mbili. SFP ya LX hutumia wimbi la nanomita 1310 na hufika hadi kilomita 10 kwenye mkongo wa modi moja. Ile ya SX hutumia nanomita 850 kwenye mkongo wa modi nyingi, na kwa kawaida haivuki mita 550, kwa hiyo inafaa kwa umbali mfupi tu. Ikiwa ni uzi mmoja, SFP huenda kwa jozi: ya upande mmoja ikituma kwa 1310 na kupokea kwa 1490, ya upande wa pili sharti ifanye kinyume chake. Mbili zinazofanana hazitaonana kamwe, hata kama kila moja ni nzima.

Tazama pia rangi ya kichwa cha kebo. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, ilhali cha buluu hakina mshazari huo. Ukivikutanisha, mwanga mwingi hupotea na nyuso za vioo zinaweza kukwaruzana. Safisha ncha kwa kifaa chake, wala si kwa shati, na usichungulie kamwe ndani ya ncha, kwa sababu mwanga huo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Nyuzi zikiwa mbili na taa haiwaki, zibadilishane nafasi kwanza: huenda mtumaji amechomekwa kwa mtumaji. Taa ikiendelea kuwa imezimika, andika "media-type sfp" kwenye mpangilio wa poti hiyo. Kiwango cha mwanga unaopokelewa na SFP ya LX ya gigabiti kisishuke chini ya dBm -19 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga).

Kwa kebo ya shaba, tatizo linalojificha zaidi ni la makubaliano ya kasi. Mtoa huduma akiifunga poti yake kwenye megabiti 100 na dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) huku ruta yako ikiachwa ijipangie, ruta itatambua kasi lakini itaangukia dupleksi nusu, yaani kutuma na kupokea kwa zamu. Taa zitawaka na ping (jaribio dogo la kuona kama upande wa pili unajibu) itapita, ila mafaili makubwa yatakwama. Pande zote mbili zipangwe kwa namna moja.

Laini za siriali, aina ya zamani inayotuma biti moja baada ya nyingine, zimepungua sana, hata hivyo bado zipo katika vituo vya zamani na kwenye maabara za vyuo. Upande uitwao DCE ndio unaotoa saa, yaani mapigo yanayoongoza mwendo wa biti, na kwa kawaida huo ni wa mtoa huduma. Maabarani, ambako ruta mbili zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, tafuta upande huo kwa "show controllers serial 0/1/0", kisha uupe "clock rate 64000". Ruta za Cisco huanza na itifaki ya HDLC ya kwao wenyewe, kwa hiyo ukikutana na ruta ya kampuni nyingine, badilisheni nyote mtumie PPP, itifaki inayoeleweka kwa kampuni zote.

Kusoma hali ya poti

Tuseme mtoa huduma amekupa anwani ya IP 192.0.2.2 yenye kinyago (kipimo cha ukubwa wa mtandao) 255.255.255.252, na yeye anatumia 192.0.2.1. Ukishaweka anwani hiyo na "no shutdown", andika "show ip interface brief", inayoonyesha hali mbili za kila poti: ya poti yenyewe, kisha ya itifaki. Poti iliyoandikwa "administratively down" haijafunguliwa na wewe mwenyewe. "Down" mara mbili huelekeza kwenye kebo, SFP au kifaa cha upande wa pili kilichozimwa. "Up" ikifuatiwa na "down" kwenye siriali ni dalili ya saa kukosekana au itifaki kutofautiana.

"Up" mara mbili ndiyo inayodanganya. Kama kati yako na mkongo kuna kifaa cha kugeuza mwanga, inaweza kumaanisha tu kwamba kebo ya mita moja hadi kwenye kifaa hicho ni nzima, huku mkongo umekatwa na katapila barabarani. Pima kwa "ping 192.0.2.1 size 1500 df-bit". Alama "!" ni jibu lililorudi na nukta ni lililokosekana; matokeo ya ".!!!!" ni ya kawaida, kwani nukta ya kwanza hutokea ruta inapokuwa bado inatafuta anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya jirani. Nukta tano mfululizo zikitokea ilhali anwani ni sahihi, muulize mtoa huduma kama laini yake inatumia namba ya VLAN, yaani namba inayotenganisha mitandao kwenye kebo moja.

Mwishowe, futa hesabu za makosa kwa "clear counters", acha watu wafanye kazi kwa nusu saa, kisha utazame tena "show interfaces". Makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) yakiwa yanaongezeka, badilisha kebo yako kwanza. Yasipokoma, mpigie mtoa huduma ukiwa na namba ya sakiti (utambulisho wa laini yako), kiwango cha mwanga na idadi ya makosa hayo.