Betri ya boti ndogo: piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Betri ya gari ikitiwa botini kuwasha taa usiku kucha haidumu, na kosa si lake. Ndani ina sahani nyembamba za risasi, zilizoundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kupiga stata, kisha zijazwe tena na mashine (injini) papo hapo. Ukiikamua mpaka chini kila usiku, sahani huchakaa na salfeti, ukoko wa chumvi ya asidi, hugandia juu yake. Baada ya muda chaja itakwambia imejaa, lakini saa tano za usiku taa zimeshafifia nawe uko nje ya mlango wa Kipungani, Lamu. Taa, GPS na pampu zinataka betri ya sahani nene, ile inayouzwa kama betri ya sola.

Ukubwa haukisiwi kwa macho. Tuseme boti ya faiba inatoka Shela saa kumi na mbili jioni na kurudi saa kumi alfajiri, yaani saa 10. Taa mbili za LED za wati 10 kila moja ni wati 20. Gawa kwa volti 12 upate kama ampea 1.7, zidisha kwa saa 10: ampea-saa 17 (ampea mara saa, kipimo kinachotumika pia kutaja ukubwa wa betri). GPS yenye kipima kina, ampea 0.6, inakula 6. Taa za njia, ampea 0.3, zinakula 3. Pampu ya ngama (sehemu ya chini ya boti maji yanapokusanyika) ya ampea 3 ikifanya kazi jumla ya saa moja, 3 nyingine. Simu, 3. Jumla 32.

Usikimbilie betri ya 32. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 64. Nunua ya 75 au 80, kwa sababu hata betri njema hupungua kadiri inavyozeeka. Ya lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4, inakubali kutumiwa hadi asilimia 80, basi ya 50 inatosha. Bei yake ni kubwa, lakini ya risasi ya ampea-saa 100 hufika kilo 25 hadi 30 na ya lithiamu haifiki hata nusu yake. Anayeishusha botini na kuipandisha kila siku atauona mgongo wake ukishukuru. Sharti moja: chaja yake iwe ya lithiamu, na usiiunge moja kwa moja na mashine.

Mashine ya boti inayowashwa kwa kuvuta kamba haihitaji betri ya stata. Kama yako ni ya stata, iwekee betri yake peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Taa zikimaliza betri ya kazi, ile ya taa na GPS, bado utarudi nyumbani.

Dukani, tafuta tarehe ya kutengenezwa kwanza. Betri ya risasi iliyokaa rafuni miezi mingi bila chaji huanza kufa kabla haijauzwa, na zetu za Lamu zimeshasafiri mpaka gati la Mokowe, bara, zikavushwa, zikabebwa na punda. Omba mita ya volti: ikisoma chini ya volti 12.4, iache. Iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.7.

Botini, iweke juu ya ngama, si ndani yake. Maji ya chumvi yakichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Itie kwenye kasha, uifunge mkanda usioiruhusu kucheza hata bahari ya kusi ikichafuka. Kasha lipate hewa, maana betri ya maji (ya risasi yenye asidi ya majimaji) ikichajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja hulipua. Fyuzi ikae karibu kabisa na kichwa cha chanya. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kabla yake hakina ulinzi. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu huota kutu ya kijani mpaka ndani ya mpira, na ukiikata utaikuta nyeusi. Vichwa vipake grisi baada ya kukaza, si kabla.

Kwa kujaza hizo 32 mchana, paneli ya wati 150 inafaa. Ya 100 itakuachia deni kila siku ya mawingu. Kabla ya kutoka jioni, zima vyote, subiri nusu saa, pima. Ukiona 12.2 kwenye betri ya risasi, iko nusu: usiende nayo kuvua usiku.