Kulitunza lambo la udongo lisibomoke: utoro, tuta, uvujaji na siku ya hatari

Lambo la udongo, yaani bwawa dogo ambalo maji yake huzuiwa na tuta (ukuta wa udongo ulioshindiliwa), hubomoka kwa njia tatu. Maji hupita juu ya tuta, au hupenya ndani ya tuta yakitoka na udongo, au ubavu wa tuta huporomoka. Zote huanza na dalili ambazo mtu mwenye jembe, mpira wa maji na daftari anaweza kuziona miezi kadhaa kabla. Maelezo haya yanahusu malambo yenye tuta la mita 3 hadi 6 kwenda juu, kama yale ya Dodoma, Singida, Shinyanga na Simiyu, ambako mvua huanza Novemba au Desemba. Ukaguzi mkubwa ufanywe Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, maji yakiwa chini, ili kazi ya kurekebisha iishe kabla ya mvua. Ukaguzi mwingine ufanywe Mei. Mvua zikiwa zinanyesha, mtu apite kila wiki, na kila asubuhi inayofuata mvua kubwa.

Anza na utoro

Utoro, ile njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada lambo likijaa, ndio unaoamua kama tuta litabaki. Tuta la udongo halivumilii maji juu yake. Yakipata mahali palipobonyea huchimba mfereji, mfereji hupanuka, na ndani ya saa chache lambo limekwisha.

Sakafu ya utoro iwe chini ya mgongo wa tuta kwa mita 1 au zaidi. Pima kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi ujenzi: mpira unaoonyesha ndani, wa mita 20, uliojazwa maji bila mapovu ya hewa, na fito mbili zenye alama za sentimita. Anzia kwenye sakafu ya utoro, kisha tembea na mgongo wote ukipima kila mita 10. Tuta hushuka lenyewe kadiri miaka inavyokwenda, hasa katikati, palipokuwa mkondo wa mto, kwa sababu hapo ndipo udongo uliojazwa ni mwingi zaidi. Kipimo cha kuamini ni cha pale palipo chini kuliko pote. Kwingine hata kungekuwa na mita 2, maji yatachagua pale.

Kosa linaloua malambo mengi ni kuziba utoro kwa mifuko ya mchanga au mawe ili maji yaongezeke. Ukipandisha sakafu kwa nusu mita, hujapunguza uwezo wa utoro kwa nusu tu, umepunguza zaidi ya hapo. Maji yenye kina cha nusu mita hupita kiasi cha theluthi moja tu ya yale yanayopita yakiwa na kina cha mita 1. Ndiyo maana lambo lililovumilia mvua za miaka mingi hubomoka mwaka ule ule utoro ulipozibwa. Kama kijiji kinahitaji maji zaidi, tuta na utoro vipandishwe pamoja kwa michoro ya mhandisi na idhini ya Bodi ya Maji ya Bonde, mamlaka inayosimamia maji ya bonde la mto husika.

Ondoa pia uzio wa miba, nyavu za samaki na magogo ndani ya utoro, maana takataka hunasa hapo na kuwa ukuta. Usilime viazi wala mahindi ndani yake. Acha ukoka uote, ukatwe ubaki sentimita 10 hadi 15. Kisha nenda mwisho wa utoro, maji yanapoangukia bondeni. Mara nyingi utakuta korongo dogo linalopanda kila mwaka kuelekea lambo, na likifika kwenye kizingiti cha utoro, pale maji yanapoanza kutoka, lambo lote humwagika kupitia hapo. Lizuie likiwa bado fupi: sawazisha kingo zake, tandaza changarawe, kisha weka mawe ndani ya vizimba vya waya vilivyozikwa nusu mita ardhini. Kumimina zege juu ya udongo mtupu hakusaidii, maana maji huchimba chini yake na bamba hukatika.

Mgongo na mbavu za tuta

Miti haifai kwenye tuta, hata kama kivuli chake kinapendeza. Mzizi ukifa huoza na kuacha bomba ndani ya udongo. Miche ing'olewe ikiwa bado na unene wa kidole, na pembezoni mwa mguu wa tuta paachwe mita 5 bila mti. Mti mkubwa wa zamani usiung'oe lambo likiwa na maji. Mwite mhandisi.

Mashimo ya fuko, nungunungu na kenge yachimbuliwe kadiri mkono na jembe vinavyofika, yamiminiwe uji wa udongo wenye sehemu 9 za udongo kwa 1 ya saruji, kisha juu yashindiliwe udongo mkavu kidogo. Kichuguu kichimbwe hadi malkia apatikane, la sivyo mchwa watarudi. Njia za ng'ombe ni hatari vilevile: kwato hukata nyasi na kuacha mifereji. Zungushia tuta minyaa au katani, na mifugo inywe kwenye mbauti (birika la kunyweshea) upande mkavu, mbali na mguu wa tuta.

Nyufa zina maana tofauti. Nyembamba za juujuu, zinazotokea udongo mweusi wa mbuga unapokauka, ni za kawaida. Zisawazishe kabla ya mvua. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande mkavu hauvumiliki. Chimba kuufuata hadi sentimita 30 chini ya mwisho wake, kisha rudishia udongo wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya nyingine. Unyevu sahihi ni pale unapoweza kuuviringisha udongo uwe kama penseli bila kukatika wala kunata mkononi. Ufa mrefu uliopinda kama upinde, chini yake pakiwa na uvimbe, unaonyesha kwamba ubavu umeanza kuteleza. Punguza maji, lakini taratibu, yasishuke zaidi ya sentimita 30 kwa siku: maji yakiondoka haraka, ubavu wa ndani hubaki umelowa na mzito, nao huporomoka.

Kabla ya kutumia udongo wowote, ujaribu. Dondosha bonge kavu la ukubwa wa punje ya mahindi ndani ya glasi ya maji ya mvua, uiache bila kuitikisa kwa dakika 10. Bonge likivunjika na maji yakabaki maangavu, ni sawa. Likizungukwa na wingu la tope linalosambaa, udongo huo huyeyuka ndani ya maji na hujichimba wenyewe. Tafuta mwingine, au changanya sawasawa na jasi, inayochimbwa Itigi, kiasi cha kilo 30 kwa kila mita ya ujazo.

Maji yanayovuja

Karibu kila tuta huvuja kidogo. Swali ni rangi ya maji na kama yanaongezeka. Yakusanye kwa mfereji mdogo, weka ndoo ya lita 20 na upime inajaa kwa sekunde ngapi. Andika tarehe, sekunde, na kina cha maji lambo siku hiyo, maana uvujaji hupanda lambo likijaa. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa sekunde 80 ikianza kujaa kwa 40, kina kikiwa kile kile, ndani kuna njia inayopanuka. Maji yakiwa na tope, usingoje kipimo cha pili.

Usizibe uvujaji kwa udongo upande mkavu. Maji yatajikusanya nyuma yake na kutokea kwingine kwa nguvu zaidi. Kinachotakiwa ni kuyaacha yatoke huku udongo ukibaki: tandaza mchanga mnene safi sentimita 30, juu yake changarawe sentimita 20, kisha mawe. Maji yakibubujika kutoka ardhini na kutupa mchanga, yazungushie mifuko ya mchanga kama kisima, uipandishe hadi maji yanayotoka yawe safi.

Pembeni mwa bomba la kutolea maji, linalopita ndani ya tuta na kufungwa kwa koki, ndipo maji hupenda kupita. Kagua pale linapotokea, na funga na kufungua koki kila baada ya miezi 3. Koki isiyoguswa miaka 2 haitafunguka siku ya kuhitajika.

Tope likipunguza kina, lichimbwe lambo likiwa kavu, lakini mita 10 za kwanza kutoka mguu wa tuta zisiguswe, wala msitoboe tabaka la mfinyanzi linaloshikilia maji.

Maji yakikaribia mgongo

Usiku wa 9 Mei 2018, bwawa la shamba huko Solai, Nakuru nchini Kenya, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40, wengi wakiwa majumbani mwao. Kwa hiyo orodha ya kaya zote zilizo bondeni, na nani ataamsha kaya ipi, iandikwe kabla ya mvua na ikae kwa mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji.

Maji yakibaki nusu mita kufika mgongo na mvua ikiendelea, watu wa bondeni wahame kwanza. Ndipo fungueni koki yote, ondoeni takataka utoroni mkiwa mmefungwa kamba, na pandisheni sehemu zilizobonyea kwa mifuko ya mchanga. Kama lazima kutoa maji zaidi, panueni utoro upande wa ardhi ya asili. Msikate tuta. Likianza kumeguka, hakuna anayebaki juu yake wala chini yake.

Baada ya marekebisho makubwa, acheni koki wazi mvua za kwanza, maji yapande hatua kwa hatua, na ndoo ya uvujaji ipimwe kila siku mpaka lambo lijae hadi utoroni.