Kabla Hujabonyeza: Ya Kuangalia Kabla ya Kupiga Eksirei ya Jino

Mama mmoja aliingia kliniki nilikokuwa nikifanya kazi, katikati ya jiji la Nairobi, ameshika shavu. Gego la juu, upande wa kulia. Nikampiga picha, ncha ya mzizi haikutokea. Nikashusha kichwa cha mashine kidogo, nikapiga tena. Wapi. Mara ya tatu ndipo nilipomtazama mdomoni kwanza, nikaona kwamba hakuwa ameuma kishikio, kile kifaa kinachoshikilia filamu au sensa mdomoni. Alikibana kwa midomo tu, kwa sababu kuuma kulimtonesha. Pamba iliyoviringwa, ikawekwa kati ya kishikio na meno ya chini, ilitosha. Mionzi ya zile picha mbili za kwanza aliipokea bure, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Dozi ya picha moja ndogo ya jino ni mikrosiverti chache, hukaribiana na mionzi ya asili anayoipata mtu kwa siku nzima. Kwa hiyo simtishi mgonjwa. Lakini picha inayorudiwa kwa uzembe haina faida yoyote ya kuihalalisha, hata dozi yake ikiwa ndogo namna gani. Na katika kazi hii nimeona kwamba picha nyingi huharibika kabla kidole hakijafika kwenye kitufe.

Anza kabla mgonjwa hajaketi. Muulize kama alipigwa picha kwingine hivi karibuni. Watu wa Nairobi huhama kliniki, na mara nyingi picha ya wiki iliyopita imo kwenye simu yake, alitumiwa kwa WhatsApp. Mwambie daktari aitazame kwanza, huenda ikatosha. Mwanamke muulize kama ni mjamzito, kwa upole na faraghani, si mbele ya foleni. Ujauzito haumnyimi picha anayoihitaji kweli, ila daktari ajue kabla ya kuamua. Kisha miwani, hereni, kipini cha pua na meno bandia ya kuvua vitoke, vitiwe kwenye kibakuli kimoja ili visipotee.

Hapo hapo tazama mipangilio ya mashine. Aliyetangulia alikuwa mzee mwenye taya nene, sasa ameketi mtoto wa miaka 7, na muda wa mionzi bado ni ule ule. Kosa hili halijitangazi kama zamani. Filamu ikipata mionzi mingi ilikuwa nyeusi na kila mtu aliiona. Siku hizi programu ya kompyuta husawazisha mwanga, picha ikapendeza ilhali mtoto amepewa dozi ya mtu mzima. Ikipungua mno, picha hujaa chengachenga kama mchanga. Kliniki iliyotoka kwenye filamu ikaingia kwenye sensa, kile kibamba cha kompyuta kinachowekwa mdomoni badala ya filamu, ipange upya muda wote, kwa sababu sensa huhitaji mionzi michache zaidi. Bandika jedwali la muda ukutani: mtoto, mtu mzima, meno ya mbele, magego ya juu.

Kwa wanaotumia filamu bado, na wapo, nina neno la Julai. Asubuhi za mwezi huo joto la Nairobi huweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, na dawa ya kusafishia picha iliyolala kwenye chumba cha giza huamka baridi. Dawa baridi hufanya kazi polepole, picha ikatoka imepauka. Nimewaona watu wazuri, wenye bidii, wakidhani mashine imedhoofika, wakaongeza muda wa mionzi mwezi mzima. Mgonjwa ndiye aliyelipia baridi ya dawa! Weka kipimajoto ndani ya dawa. Kwenye nyuzi 20 filamu hukaa kama dakika 5, au ufuate maelezo ya mtengenezaji. Dawa iliyochakaa nayo hupausha. Hifadhi picha moja nzuri iliyopigwa dawa ikiwa mpya, na kila asubuhi linganisha nayo. Na kama imepauka huku ina michoro kama alama za tairi, hilo si la dawa: filamu iliwekwa kinyume, mionzi ikapita kwanza kwenye karatasi ya madini ya risasi iliyo nyuma yake.

Sasa mdomoni. Sensa isigandamizwe kwenye jino. Kwa meno ya juu isogeze kuelekea katikati ya kaakaa, pale penye kina, ili isimame sambamba na jino na isimchome mgonjwa. Hakikisha ameuma kwa meno. Kisha tazama pembe ya wima ya koni, ule mdomo wa mashine unaotoa mionzi: ikilala mno, meno hurefuka na ncha za mizizi hutoka nje ya picha; ikisimama mno, meno hufupika yakawa mbilikimo. Unataka kuuona mzizi wote na milimita 2 au 3 za mfupa zaidi ya ncha yake. Pembe ya mlalo ikikosewa, meno hupandana, na kwa picha ya kuuma, inayotafuta uozo kati ya jino na jino, hapo umeifuta sababu yenyewe ya kuipiga. Chungulia kutoka upande wa koni: mionzi ipite katikati ya meno kama upepo upitavyo kati ya mbao za ua.

Koni ikae karibu na ngozi. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mionzi hubaki robo. Na isiposawazishwa na kishikio, kona ya picha hubaki nyeupe kabisa, kwa sababu mionzi haikufika pale.

Anayetaka kutapika anzia meno ya mbele, mfundishe kupumua kwa pua, na mashine iwe tayari kabla sensa haijaingia. Chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi huwasaidia wengine. Usimshikie sensa kwa kidole chako, hata akilia. Simama nyuma ya kinga au mita 2 kutoka kwenye mashine, nje ya njia ya mionzi, huku unamwona. Kuhusu aproni ya risasi, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri mwaka 2024 isitumiwe tena kama desturi, bali mionzi ielekezwe vizuri. Hapa kwetu fuata masharti ya leseni ya kliniki yako kutoka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya.

Opiji, ile picha ya taya zima, ina tabia zake. Kidevu kikishuka mno, meno yanacheka kupita kiasi, kikiinuka, yananuna. Mgonjwa akiinama shingo, uti wa mgongo hutupa kivuli cheupe katikati. Hereni iliyosahauliwa huacha mzuka wake upande wa pili, juu zaidi. Kola ya risasi ya kukinga shingo huziba taya la chini, kwa hiyo haivaliwi. Linalosahauliwa zaidi ni ulimi. Mwambie, "Meza mate, kisha bandika ulimi wote juu kwenye kaakaa, ukae hivyo hivyo mpaka mashine inyamaze." Usiposema, ukanda mweusi hufunika mizizi ya meno ya juu.

Na ikiwa pamoja na hayo yote picha imeharibika, usirudi kwenye kitufe kabla hujaweza kuitaja kasoro kwa jina na kusema utabadilisha nini. Kwanza mwonyeshe daktari ile uliyo nayo. Mara nyingine jino alilolitaka linaonekana vizuri, kilichokatika ni jirani yake.