Namna ya kuhesabu baraka ukiwa unashinda nyumbani na watoto

Kabla ya kulea nilikuwa mtunza stoo. Sasa nashinda nyumbani na watoto wawili, binti wa miaka minne na mdogo wake anayejifunza kusimama kwa kushika meza, na mama yao ndiye anayetoka asubuhi kwenda kazini. (Ndiyo, ni baba. Wanaoniuliza nitarudi lini kazini nawajibu kuwa niko zamu.)

Stoo ilinifundisha kuwa mali haihesabiwi kwa kukadiria. Unakwenda kwenye rafu, unashika, unaandika. Baraka nazo nazihesabu hivyo, kwa sababu tatizo la mzazi anayeshinda nyumbani si kukosa la kushukuru. Tatizo ni kwamba kazi yake haiachi alama. Sakafu uliyodeki asubuhi imeshamwagikiwa, nguo ulizokunja zimeshavaliwa na kuvuliwa, na jioni ukijiuliza ulifanya nini mchana kutwa hupati jibu, ingawa hukukaa hata kidogo.

Tafuta daftari dogo na kalamu. Halafu acha kabisa kuandika “nashukuru kwa familia, afya na uhai”. Si uongo, ila unaweza kuiandika mwaka mzima bila kuinua macho uone kilichotokea. Andika tukio: binti kavaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, akanikataza kumrekebisha. Mdogo kacheka peke yake usingizini. Mvua ilianza nilipokwisha anua nguo. Kipimo changu ni rahisi: kama mzazi mwingine yeyote angeweza kuandika sentensi hiyohiyo bila kufika kwako, bado hujafika kwenye rafu.

Baada ya tukio, andika sababu yake. Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi wanaporuka. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walichapisha jaribio ambalo washiriki waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu ya kila moja. Furaha yao ilipanda, dalili za huzuni zikapungua, na miezi sita baadaye tofauti bado ilionekana. Kwetu sisi wa nyumbani, sababu ina kazi ya ziada. Ukiandika “mdogo alilala vizuri mchana” umepata baraka. Ukiongeza “kwa sababu nilimtoa nje mapema akatambaa mpaka akachoka”, umejiona na wewe ndani yake. Hakuna bosi wa kukupa tathmini hapa, na mtoto wa miezi kumi hatakushukuru. Sababu zikijaa daftarini utagundua kuwa mambo mengi uliyodhani ni bahati yalitokana na mikono yako.

Si zote, lakini. Nyingine utakuta zimetoka kwa mtu: mwenzako aliacha nguo za watoto zimepangwa, au dada yako alipiga simu akaongea na binti wakati unamwogesha mdogo. Ukiandika sababu ya namna hiyo, mwambie mhusika, hata kwa ujumbe wa mstari mmoja. Mama watoto nilimwandikia siku moja, “Zile soksi ulizozifunga jozi jozi zimeniokoa asubuhi.” Alijibu kwa alama za kucheka, lakini soksi zinafungwa jozi jozi mpaka leo.

Kuhusu mara ngapi, usijibebeshe mzigo. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti wao wa 2003 ulioipa mada hii umaarufu, waliwapa kundi moja la wanafunzi wa chuo zoezi la mara moja kwa wiki kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano kila mara. Waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko wenzao walioandika kero. Sonja Lyubomirsky na wenzake nao walipolinganisha mara moja kwa wiki na mara tatu, walionufaika ni wale wa mara moja. Kushukuru kwa ratiba kali hugeuka kazi nyingine ya ndani, na hizo tunazo za kutosha.

Mimi naandika Ijumaa jioni. Katikati ya wiki nakamata tu: kipande cha karatasi kwenye mlango wa jokofu, au narekodi sauti kwenye simu mikono ikiwa na povu. Usisubiri utulivu, hauji. Fungamanisha zoezi na jambo ambalo lazima lifanyike, kama kusubiri ndoo ijae.

Kuna wiki ambazo kila kitu kinaonekana cha kawaida. Hapo chagua kitu kimoja ulichonacho na ufikirie kwa kina namna ambavyo kingeweza kutotokea. Utafiti wa Minkyung Koo na wenzake wa 2008 ulionyesha kuwa kufikiri hivyo huinua moyo kuliko kukumbuka tu namna kilivyotokea.

Sasa malalamiko. Stoo, bidhaa zilizoharibika zina ukurasa wake. Hazifichwi chini ya nzima. Fanya hivyohivyo. Nyuma ya daftari andika usingizi uliokosa, hela yako mwenyewe usiyokuwa nayo, na kiu ya kuongea na mtu mzima. Usifute kero hizo kwa baraka, wala usifute baraka kwa sababu ya kero. Na mtu akikwambia “shukuru, wengine wamenyimwa watoto”, hakusaidii kuhesabu, anakunyamazisha. Sipendi shukrani inayosimama juu ya shida ya mwingine.

Daftari si dawa. Kama huzuni imekukalia sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili, hufurahii chochote, au hupati usingizi hata watoto wakiwa wamelala, nenda kituo cha afya. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje wiki hizo, tafuta msaada siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na akina baba nao huipata. Hakuna aliyeugua kwa kukosa shukrani.

Watoto wakubwa kidogo waingize, ila usiwaulize wanashukuru nini. Watakupa jibu la kukuridhisha. Uliza, “Leo nini kilikuchekesha?” Kisha andika kama kilivyosemwa. Ukurasa wa binti yangu una neno “ndoo” mara kadhaa, bila maelezo, na kila nikimwomba afafanue anacheka upya.

Ukiruka wiki, usijaze za nyuma kwa kukumbuka, hayo ndiyo makadirio yenyewe. Andika tarehe ya leo, angalia kilichopo leo, uendelee. Daftari likijaa weka mahali ambapo mtoto wa kutambaa hafiki. La kwanza la kwangu limeliwa pembe.