Kabla mtoto mwenye tundu la moyo hajapewa nusu kaputi ya upasuaji wa pafu

Kuna watoto wanaozaliwa na tundu kwenye moyo, halafu pafu nalo likakutwa na hitilafu ya kuzaliwa. Pafu hilo likihitaji upasuaji, mara nyingi daktari wa usingizi hulipumzisha na kumpumulisha mtoto kwa pafu la pili peke yake. Hapo oksijeni hushuka, presha ya mishipa ya mapafu hupanda, na damu isiyo na oksijeni inaweza kupenya kwenye tundu ikaingia mwilini bila kupita mapafuni. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, ambao rufaa za moyo hutupeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, maandalizi yanaanzia nyumbani.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kukijua kiwango cha kawaida cha oksijeni kwenye damu ya mtoto wako. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Pwani. Namba ya Mbeya na namba ya Dar kwa mtoto yuleyule zinaweza kutofautiana, kwa hiyo kila kipimo kiandikwe na mahali kilipochukuliwa. Na kipimwe vizuri. Baridi ya Juni ikigandisha vidole, kile kifaa cha kubana kidoleni hutoa namba za ajabu. Mpashe mtoto mikono, futa rangi ya kucha, ngoja anyamaze kulia.

Daktari wa usingizi atauliza pia mambo yanayoonekana madogo. “Mama, akicheza huwa anachuchumaa?” Wengi hujibu, “Ndiyo, ni mchezo wake tu.” Si mchezo. Akichuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa na damu nyingi zaidi hulazimika kupita mapafuni. Ni dalili inayojulikana ya ugonjwa wa moyo uitwao Fallot. Mwambie pia kama midomo hugeuka bluu anapolia au anaponyonya.

Suala la kufunga kula linahitaji umakini wa pande zote mbili. Kwa kawaida chakula kizito husimamishwa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4 na maji meupe saa 2, ila fuata utakayoambiwa wodini. Bibi mwenye huruma asimpe uji alfajiri, maana tumbo lenye chakula ni hatari kwenye nusu kaputi. Lakini kumkausha mtoto wa bluu usiku kucha nako ni hatari: damu yake huwa nzito tayari, na ikikosa maji inaweza kuganda. Omba awe wa kwanza kwenye orodha, na upasuaji ukiahirishwa uliza kuhusu dripu.

Kila muuguzi atakayeshika dripu hiyo aambiwe, “Huyu ana tundu la moyo.” Kipovu cha hewa ambacho kwa mwingine kingenaswa mapafuni, kwake kinaweza kufika kwenye ubongo.

Akipata mafua, kikohozi au homa kabla ya tarehe, piga simu hospitali kabla ya kukata tiketi ya basi. Dawa zote zitajwe, za mitishamba zikiwemo. Usisimamishe yoyote kwa kujiamulia. Jino linalocheza, ndugu aliyewahi kupata shida kwenye usingizi wa nusu kaputi, watu wa kuchangia damu: hayo yasemwe mapema.

Beba ripoti ya eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) na CD ya siti skani yenyewe, siyo karatasi ya majibu peke yake. Zipo sehemu za pafu zinazopata damu moja kwa moja kutoka aota, mshipa mkuu utokao moyoni, na daktari wa upasuaji anapaswa kuuona mshipa unaolisha sehemu hiyo kabla hajakata.

Tena uliza mapema kuhusu kurudi. Baada ya upasuaji hewa inaweza kubaki imenaswa kifuani, na hewa hiyo hutanuka kadiri unavyopanda, iwe kwa ndege ya Songwe au kwa basi linaloukwea mlima Kitonga. Picha ya kifua ipigwe na daktari akubali kabla hamjaondoka Dar.