Kuituliza pikipiki ya tu-stroki ishike njia za mawe za Mwanza

Vilima vya huku ni mwamba wa graniti, na juu yake mchanga mkavu wenye chembe kubwa ambao wakulima wa Kisukuma wanauita luseni. Panda kilima cha upande wa Igombe au Kayenze na pikipiki ya tu-stroki (injini inayochoma petroli kila mzunguko mmoja) uone: tairi la nyuma linashika vizuri mpaka injini ifike mzunguko wa kati, halafu nguvu inakuja kwa mkupuo mmoja, tairi linachimba mchanga, na wewe unatafuta pa kuweka mguu. Wengi hukimbilia kununua vifaa. Mimi naanza na visivyo na gharama, na mara nyingi naishia hapo hapo.

Hatua ya 1: upepo na kebo

Kwa tairi la nyuma lenye kibano cha kulishikilia kwenye rimu, teremsha upepo mpaka psi 13 au 14. Wanaoshuka zaidi ya hapo wanapanda kwenye matope. Kwenye mawe yetu tyubu itabanwa na rimu na kutoboka. Kama rimu haina kibano, kama Yamaha DT 125 nyingi za miradi, usishuke chini ya 18, maana tairi litazunguka kwenye rimu na kung'oa pua ya tyubu.

Kebo ya mafuta, ile inayovutwa ukizungusha mkono, iache na ulegevu wa milimita 3 hadi 5. Ikikaza, kila jiwe unalogonga linakuvutia mafuta bila wewe kutaka.

Hatua ya 2: kabureta

Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10. Jeti (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) zilizofungwa kwa ajili ya Dar es Salaam huku zinamwaga petroli kupita kiasi. Sikiliza injini ikipanda polepole: inakoroma, inatoa moshi, ukiongeza mafuta haiitiki. Unaongeza tena, petroli iliyorundikana inaungua, injini inajisafisha na kuruka mbele. Watu wanasema hiyo ndiyo tabia ya tu-stroki, kumbe ni kabureta.

Pasha injini moto, iache kwenye sailensi (iunguruma bila kuongezewa mafuta), kisha zungusha skrubu ya hewa ya kabureta polepole mpaka usikie mzunguko wa injini umefika juu kabisa. Sasa funga skrubu huku ukihesabu mizunguko yake. Ikiwa kati ya mmoja na miwili na nusu, jeti ya slo (ile ndogo ya mzunguko wa chini) inafaa. Irudishe skrubu pale pale. Ikizidi miwili na nusu, jeti ni kubwa, shuka namba moja. Ikiwa chini ya mmoja, jeti ni ndogo, panda namba moja.

Bado inakoroma ukifungua mafuta nusu? Hamishia klipu ya sindano, ile inayoziba tundu la petroli ndani ya kabureta, ngazi moja juu. Sindano itashuka na kupunguza petroli. Halafu panda kilima, zima injini ikiwa bado inavuta, ufungue plagi. Kahawia ni sawa. Nyeusi yenye majimaji, petroli bado imezidi. Nyeupe, usiendelee: rudisha jeti kubwa kabla pistoni haijanata. Kwa pikipiki ya kuchanganya oili kwenye tangi, kumbuka kwamba ukipunguza petroli umepunguza na oili inayoingia, kwa hiyo usibane kipimo cha oili.

Fundi wa bodaboda atakushangaa ukifungua plagi kila baada ya mpando. Amezoea fo-stroki (injini ya kuchoma kila mizunguko miwili), mwache ashangae.

Hatua ya 3: valvu ya ekzosi

DT za kupoozwa kwa hewa hazina, ruka hatua hii. YZ (za Yamaha) na KTM za mashindano zinayo: hufunga mlango wa moshi mzunguko ukiwa chini na kuufungua ukipanda. Kaboni (masizi) ikiigandisha wazi, injini inakosa nguvu ya chini kabisa. Ifungue, isafishe, hakikisha inacheza kwa kidole. Kwenye KTM nyingi valvu hiyo ina springi za rangi: njano ni ya kawaida, nyekundu ni kali, kijani ni ya upole. Kwa luseni, kijani.

Hatua ya 4: gia

Kabla ya kugusa sproketi (magurudumu ya meno ya cheni), panda kilima kile kile kwa gia moja juu ya uliyozoea, kidole kimoja kwenye klachi. Gia ndefu inapunguza msukumo unaofika kwenye tairi. Ikizima kila mara, ndipo uongeze meno mawili nyuma. Jino moja la mbele ni sawa na matatu na nusu hivi ya nyuma, kwa hiyo kupunguza mbele ni badiliko kubwa, na cheni inakunjwa zaidi.

Hatua ya 5: flaiwili

Hiki ndicho kifaa pekee ninachoweza kukushauri ununue. Uzito wa gramu 250 hadi 350 unaofungwa kwenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na krenki, ile shafti inayosukumwa na pistoni) hufanya kazi kama jiwe la cherehe ya kunolea visu: halirukii mzunguko, wala halizimiki kirahisi. Nunua uliotengenezwa kwa pikipiki yako, na uondoe flaiwili kwa pula (kifaa cha kuivutia nje), si kwa nyundo. Mtu wa kuchomelea akikwambia atakuongezea chuma mwenyewe, mshukuru uondoke. Kitu kisicho na mizani kikizunguka mara 8,000 kwa dakika kitamaliza bearingi za krenki.

Hatua ya 6: taimingi

Taimingi ni wakati cheche inapowaka. Hii ni ya mwisho, tena si lazima. Chora alama kwa msumari mahali sahani ya koili (iliyo nyuma ya flaiwili) ilipo, kisha isogeze milimita moja kuelekea upande krenki inakozungukia. Cheche itachelewa kidogo na mkupuo utalainika. Usiisogeze upande wa pili. Huko ndiko pistoni hutoboka.

Badilisha kitu kimoja, jaribu kwenye mpando ule ule, ndipo uguse kingine. Na majaribio yafanyie kwenye mchanga na mwamba. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa wakati wa masika unajaza madigadi na kukaba gurudumu, na hapo hakuna jeti wala flaiwili itakayokupitisha. Tafuta njia ya pembeni.