Somo: Kushona picha ya Ziwa Tanganyika na miamba yake kwa marekani, kaniki na udongo mwekundu

Wapenzi wa sindano, habari za Kigoma. Picha nyingi za ziwa letu ni mitumbwi na machweo. Leo tushone kilicho chini: miamba, na ufa uliolizaa ziwa lenyewe. Jambo ninalolisisitiza ni moja: tabaka zishonwe kwanza, ufa ukatwe baadaye. Ardhi ilifuata utaratibu huo, na picha ikifuata vivyo hivyo, mtazamaji anauona mkatiko kweli.

Vifaa: marekani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) mita 1, vipande vya kaniki (kitambaa cheusi), mabaki ya vitenge vya buluu (mafundi cherehani wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, wana mafurushi), soya, majani ya chai, siki, misumari yenye kutu, na udongo mwekundu kikombe kimoja.

Kwanza: rangi

Fua marekani kwa maji ya moto na sabuni mpaka wanga wote utoke, maana kitambaa chenye wanga hakinywi rangi.

Loweka soya kikombe 1 usiku kucha, saga, chuja, upate maziwa kama lita 1. Chovya kitambaa, anika kivulini, rudia. Kausha udongo, utwange, uchekeche kwa kitambaa chepesi mpaka uwe laini kama poda, kisha ukoroge na yale maziwa na upake kwa brashi. Protini ya soya ndiyo inayoushika udongo kwenye nyuzi. Subiri wiki 2 kabla ya kuosha. Wekundu huu ni chuma kilichoshika kutu ardhini, na ndio huohuo unaoyapa mawe ya Bangwe na Katonga hapa Kigoma rangi yake. Kwa waridi, punguza udongo.

Kwa kijivu, chemsha kitambaa kingine kwenye chai kali, kisha kichovye kwenye maji ya misumari iliyokaa katika siki wiki nzima. Chuma kikikutana na majani ya chai, kitambaa kinageuka kijivu mbele ya macho yako. Mafundi wa Mali hutengeneza bogolan, kitambaa chao cha matope, kwa njia ya jamii hii: majani kwanza, kisha matope yenye chuma. Vaa glavu, usitumie sufuria ya kupikia, na suuza kwa maji yenye magadi kidogo, maana asidi ikibaki inakula nyuzi.

Pili: tabaka

Kata vitambaa ulivyotia rangi viwe mikanda yenye upana tofauti, mingine sentimita 2, mingine 6. Mikanda inayolingana itakupa bendera, si mwamba. Anza chini kwenda juu, kwa kuwa tabaka la chini ndilo lililotangulia kulala. Shona mpaka upate kipande cha sentimita 40 kwa 40, upige pasi.

Tatu: ufa

Hapa tutulie. Kipimo chetu ni sentimita 1 kwa mita 100. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Gombe inapita mita 1,500. Basi mlima ni sentimita 8 juu ya maji. Upande huu wa kaskazini ziwa lina kina cha mita 1,310 hivi (mita 1,470 zinazotajwa ni kule kusini), yaani sentimita 13. Jumla 21.

Chora mstari wa mshazari, uanze juu upande wa kulia, ushuke ukielekea kushoto. Kata. Telezesha kipande cha kushoto kwenye mshazari huo mpaka kishuke sentimita 21. Tazama kinachotokea: kikishuka, kinasogea pia kushoto, na picha nzima inapanuka. Ndivyo bonde la ufa lilivyo. Ardhi inavutwa pande mbili, na kipande cha kati kinazama.

Kabla ya kuunganisha, shonea maji kwenye ukingo wa juu wa kipande kilichoshuka, na anga juu ya maji. Maji usiyafanye yote buluu. Oksijeni inafika mita 100 hadi 200 tu. Chini ya hapo samaki hawaishi. Kwa hiyo buluu ya kitenge iwe sentimita 1 na nusu, na chini yake kaniki tupu. Dagaa wote na migebuka yote tunayokula imo katika ule ukanda mwembamba. Mimi huu ndio naupenda kuliko sehemu zote za picha.

Unganisha pande mbili, kata ziada ya chini, weka kipande cha blanketi kuukuu nyuma, piga bandi (mishono ya mkono ya kupenyeza juu na chini) kwa uzi mnene ukifuata tabaka. Ukifika kwenye ufa, katisha uzi, usiuvushe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu wa jiografia, Kasulu:* Dada, hongera. Ila mwamba umeshuka zaidi ya hapo, au siyo?

Ni kweli, mwalimu. Chini ya maji kuna matope yaliyotuama unene wa kilomita kadhaa. Kilomita 4 tu zingetaka sentimita 40 za kitambaa. Hapa tumeshona umbo la bonde kama maji yangekauka. Mwenye ukuta mrefu na ayaongeze.

*Mama wa Ujiji:* Udongo hautaharibu cherehani yangu?

Mama, kung'uta kitambaa vizuri na tumia sindano namba 16. Ukimaliza, fungua chini ya meno, toa vumbi, tia mafuta.

*Kijana wa Kibirizi:* Naweza kubandika mchanga wa ufukweni kwa gundi?

Utapukutika, mdogo wangu. Piga mafundo madogo ya uzi yaliyosongamana. Mkono ukipita juu yake utahisi mchanga.

*Mwanachama, Tabora:* Shikamoo dada. Huku kwetu hakuna magenge, ni mawe makubwa ya mviringo.

Marahaba. Hayo ni matale, hayana tabaka, kwa hiyo mikanda iache. Tandika kitambaa kimoja cha kijivu, ukijaze vidoa vya uzi wa waridi, mweupe na mweusi, maana jiwe hilo ni chembechembe za madini zilizoshikana. Kisha shona mistari iliyopinda kufuata ukingo, kama ganda linalobanduka. Utomvu mwekundu wa mninga huacha hudhurungi nzuri kwenye pamba. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, na usibandue gome la mti mzima kwa ajili ya picha.

*Mama wa Ujiji:* Na kufua je?

Usiifue, mama. Kung'uta vumbi nje, na itundike mbali na dirisha. Rangi ya chai inapauka juani, ya udongo haipauki.